Kabla ya Kununua Lori la Jeshi, Soma Namba ya Injini

Wakazi wa Kaunti ya Kitui wanaonuia kununua lori lililotoka jeshini, kwa kazi ya kubeba maji au mawe ya ujenzi, wanashauriwa kutambua aina kamili ya injini yake kabla ya kulipa. Jina lililo kwenye bodi halitoshi. Malori mawili yanaweza kufanana kwa nje na kuwa na injini tofauti.

Mfano ni Bedford, lori la jeshi kutoka Uingereza. Toleo la MK, la miaka ya 1970, lilikuwa na injini iliyoundwa kukubali mafuta ya aina mbalimbali, hata petroli. Toleo la MJ, lililofuata miaka ya 1980, lina injini ya dizeli yenye turbo. Mnunuzi akiambiwa lori "linakunywa chochote", kisha atie petroli kwenye injini ya dizeli, pampu ya mafuta hukosa ulainisho na kuharibika.

Aidha, haya ni malori ya zamani, na huenda injini ilishabadilishwa. Ikiwa iliyowekwa ni ya Isuzu, namba huanza na aina yake. 6BD1 ni ya lita 5.8, na 6BG1 ni ya lita 6.5. Zote zina silinda sita, lakini pistoni ya kwanza ina upana wa milimita 102 na ya pili 105. Herufi moja ikisomwa vibaya, spea hazitaingia.

Mnunuzi afanye hivi:

• Aende na fundi anayemwamini, akiwa na tochi, kitambaa na brashi ya waya.

• Asafishe mahali namba ilipogongwa kwenye chuma cha injini, kisha aipige picha.

• Aangalie kama kuna alama za tupa au namba iliyogongwa upya.

• Alinganishe namba hiyo na kibao cha lori na hati za mauzo.

Magari ya jeshi hutumia namba zake maalum, hivyo mnunuzi atahitaji kulisajili lori kwa NTSA. Ikiwa tayari lina logbuku ya kiraia, namba za injini na chesisi zilingane na zilizomo. Injini ikibadilishwa baada ya usajili, mmiliki anapaswa kuiarifu NTSA.

Namba zisipolingana, muuzaji aeleze kwa maandishi. Akishindwa, mnunuzi asitoe pesa, hata za kushikilia lori.