Kiwanda Kikisamehewa Kodi, Halmashauri Inapata Nini?

Mimi ni mhasibu hapa Morogoro. Riziki yangu ni kuwajazia ritani wenye maduka, gereji na mashine za kusaga, watu ambao wakichelewa kulipa TRA, faini na riba haziwaachi. Kila mara serikali inapotangaza vivutio kwa wawekezaji, wateja wangu huja na swali moja: "Mhasibu, mbona mwenye mabilioni ndiye anayesamehewa?"

Jibu ni kwamba mwenye mabilioni ana pa kwenda. Anayeshona nguo za kuuza Marekani anaweza kuweka cherehani zake Kenya, Ethiopia au Bangladesh. Seremala wa Mji Mpya, hapa Morogoro, hahami. Ndiyo maana sheria ya EPZ, yaani maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, ya mwaka 2002 ilimwekea mwenye kiwanda kinachouza nje angalau asilimia 80 ya bidhaa zake mambo haya: miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni, miaka 10 bila kodi ya zuio kwenye gawio, riba na pango, na mitambo na malighafi kuingia nchini bila ushuru wa forodha.

Yanasomeka vizuri, lakini hayana uzito sawa. Kodi ya mapato hutozwa kwenye faida, na kiwanda kipya mara nyingi huanza kwa hasara: mkopo unadai, mafundi wanajifunza, wateja bado. Kumsamehe kodi ya faida mwaka wa kwanza ni kama kumsamehe asiye na ng'ombe ushuru wa maziwa. Msamaha wa forodha ndio unaogusa mfuko mapema, kwa sababu bila huo pesa ingetakiwa bandarini kabla hajashona hata shati moja.

Kulikuwa na msamaha wa nne, usiozungumziwa sana: miaka 10 bila kodi na ushuru wa serikali za mitaa kwa bidhaa zinazozalishwa humo. Ushuru wa huduma wa halmashauri hukokotolewa kwenye mauzo, upate faida usipate. Ukifutwa, pengo linaonekana mwaka huo huo, na anayelibeba ni yule yule anayetakiwa kuzoa taka na kuziba mashimo ya barabara inayopitisha malori ya kiwanda. Kodi ya mishahara ya wafanyakazi inakatwa, lakini inakwenda TRA, hazina kuu. Mji unapata ajira, wapangaji na wateja wa mama lishe. Si haba, ila hakuna hata kimoja kinachoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya halmashauri.

Kupeleka viwanda kwenye miji ya mikoani kama wetu si wazo geni. Mpango wa pili wa maendeleo, wa 1969 hadi 1974, uliteua miji tisa ili viwanda visirundikane Dar es Salaam: Arusha, Dodoma, Mbeya, Morogoro, Moshi, Mtwara, Mwanza, Tabora na Tanga. Enzi hizo serikali haikumbembeleza mtu, ilijenga yenyewe. Sisi tulipata kiwanda cha viatu, kwa fedha za Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kuvalisha nchi nzima na kuuza ziada Ulaya. Kuta zilikuwa za alumini na hapakuwa na mfumo wa kupitisha hewa, katika mji wenye joto letu hili. Hakikuwahi kufikisha hata asilimia kumi ya uwezo wake, na uzalishaji ulikoma 1990.

Kiwanda kile hakikukwamishwa na kodi. Mwekezaji mzoefu naye, kabla hajafungua ukurasa wa misamaha, huuliza umeme unakatika mara ngapi, ngozi au pamba inatoka wapi, na kontena litafikaje bandarini. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwaka 2024, siku ikibeba na mizigo ipasavyo, naamini itavuta viwanda kuliko mwaka wa kumi na moja wa msamaha.

Kwa hiyo siku diwani wako akija na habari za mwekezaji, mpigie makofi, kisha muulize. Msamaha unaisha lini? Wasipofikisha idadi ya ajira walizoahidi, unafutwa? Na halmashauri itafidiwa vipi ushuru wake? Seremala wangu anajua anadaiwa kiasi gani, hadi shilingi ya mwisho. Kinachosamehewa kiwandani nacho kibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, kwa tarakimu.