Zimwi la Runinga na Mtoto Asiyelala

Juma hili napenda tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu huliona dogo, nalo ni hofu inayomshika mtoto usiku baada ya kuona dubwana kwenye runinga.

Nilipokuwa na umri wa miaka saba au minane, runinga mtaani kwetu Mombasa zilikuwa za kuhesabu. Watoto tulijazana sebuleni kwa jirani, sisi mkekani, wenye nyumba vitini. Jioni moja ulionyeshwa mchezo ambao jina lake limenitoka, lakini ile sura haijanitoka: mtu alijikunja kwa maumivu, nywele zikamwota usoni, meno yakachomoza, akawa mnyama. Nilikimbia nyumbani bila viatu. Kwa miezi kadhaa sikuweza kuvuka ua peke yangu usiku kwenda chooni. Nilipomweleza kaka yangu, alinicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile sikumwambia mtu tena. Hofu ilibaki, ila sikuwa na wa kumweleza.

Nilidhani hayo yamekwisha. Likizo iliyopita mjukuu wetu wa miaka mitano alikuja kukaa nasi. Usiku wa tatu alikataa kulala chumbani peke yake, na asubuhi godoro likakutwa limeloa. Nikamwambia kwa ukali kwamba mwanamume haogopi giza. Akainamisha kichwa, asijibu neno. Mke wangu ndiye aliyembembeleza hata akasema: ameona katika simu ya mjomba wake mtu anayegeuka kuwa wa kijani na kurarua shati. Nilipoelezwa nilitahayari. Kicheko cha kaka yangu nilikuwa nimekirithi, nami nikakiita malezi.

Mchezo huo wa zamani ni wa Marekani, The Incredible Hulk, ulioonyeshwa kati ya mwaka 1977 na 1982. Bill Bixby aliigiza daktari mpole ambaye akighadhibika hugeuka jitu la kijani. Na jitu hilo liliigizwa na Lou Ferrigno, mtunisha misuli aliyepakwa rangi mwili mzima na kuvikwa nywele za bandia. Katika hadithi, jitu hilo si adui. Huwasaidia wanaodhulumiwa.

Basi kwa nini mtoto amwogope mwema? Watafiti wawili wa Marekani, Joanne Cantor na Glenn Sparks, waliliuliza swali hilo katika miaka ya 1980, wakawaonyesha watoto sehemu ya mchezo huo. Wale wakubwa, wa shule ya msingi, walitulia jitu lilipotokea, kwani walifahamu kuwa msaada umefika. Wale wadogo, wa umri wa chekechea, hapo ndipo walipoogopa zaidi. Mtoto mdogo huhukumu kwa macho. Akiona sura ya kutisha, kwake hiyo ni hatari, wala nia njema ya mwenye sura hiyo haimfikii. Tena mtu mpole akigeuka mbele yake, huona kwamba yeyote aweza kugeuka, hata baba au babu.

Kwa sababu hiyo maneno matupu hayamtoshi. Mkubwa kidogo ukimwambia kuwa ni uigizaji, ataipima hoja yako. Mdogo humfaa zaidi kile anachokiona na kukigusa: mkono wa mama, blanketi lake alilolizoea, na kulitazama jambo lenyewe kidogo kidogo mchana, mtu mzima akiwa ubavuni mwake.

Kuna kisa cha kweli kinacholibainisha hilo. Katika filamu The Wizard of Oz ya mwaka 1939, mwigizaji Margaret Hamilton alikuwa mchawi mwenye uso wa kijani na kofia nyeusi ya ncha. Filamu hiyo baadaye ikawa ikirudiwa katika runinga za Marekani mwaka baada ya mwaka, na watoto wengi walimhofu. Hali bibi huyo mwenyewe, kabla ya uigizaji, alikuwa mwalimu wa chekechea! Mwaka 1975 alialikwa katika kipindi cha watoto cha Fred Rogers. Aliingia kwa nguo zake za kawaida, akazungumza kwa upole, kisha akalivaa lile vazi jeusi kipande kwa kipande mbele ya watazamaji, na kofia mwisho. Watoto waliona bibi mwema akiwa mchawi kwa nguo tu. Mwaka uliofuata alitokea katika kipindi kingine cha watoto, Sesame Street, safari hii akiwa mchawi tangu mwanzo. Wazazi wakaandika barua kulalamika kuwa watoto wao wametishika, na sehemu hiyo haikurudiwa tena. Mwigizaji ni yule yule na kofia ni ile ile. Kilichopungua mara ya pili ni ule utaratibu wa kumwonyesha mtoto kilichomo ndani ya vazi.

Ndugu zangu, nasi pia tujitazame. Ni mara ngapi mtoto akilia tumemwambia anyamaze, zimwi linakuja? Tunaliita zimwi wenyewe, kisha tunamkemea anapoliogopa. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala, mwenzake akaiendea kamba aliyokuwa nayo, akaichukua, yule akashtuka. Mtume, rehema na amani zimshukie, akabainisha kuwa haimhalalikii Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenzake. Ikiwa mtu mzima hatishwi hata kwa mzaha, mtoto wa miaka mitano ana haki kubwa zaidi. Na Mtume alikuwa akiwaombea kinga wajukuu wake, Hassan na Hussein. Hakungoja wakue ndipo wajikinge wenyewe.

Jioni ile nilimwita mjukuu wangu, nikamwomba radhi. Nilimweleza kuwa babu naye aliwahi kuogopa, na kwamba alikimbia bila viatu. Akanitazama sana, kisha akauliza, "Ulikojoa pia, babu?" Nikamwambia kweli. Tukatafuta picha ya Ferrigno akiwa katika nguo zake za kawaida, kisha nyingine akiwa na rangi mwilini, tukazitazama pamoja. Mke wangu akaleta rangi ya kijani ya keki, nikajipaka puani. Mtoto akainyoosha mikono, akanipaka mashavu yote mawili, ndevu zisisalimike. Kisha tukaenda bombani, akaniosha mwenyewe, akamwona babu akirudi.

Usiku tulisoma Ayatul Kursiy pamoja. Aliomba mlango uachwe wazi kidogo na taa ya ukumbini isizimwe, nami nikamkubalia. Alfajiri nilipoamka kwa Sala nilipitia chumbani kwake. Alikuwa amelala, na godoro lilikuwa kavu. Usiku wa pili aliniita mara moja. Niliinuka, nikamwendea.