Mashine za akili mnemba: umeme hununuliwa, joto nalo hulipiwa

Na Mwandishi Wetu, Sitalike

WIKI hii ukurasa huu unaweka kando bei za mpunga na mahindi. Sababu ni swali alilouliza mwenye duka mmoja hapa Sitalike, kijiji kilichopo kusini mwa Mpanda, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Alikuwa ameombwa achangie fedha katika mradi wa "mashine za akili mnemba" (wengine huita akili unde), na akataka kujua amwulize nini mwenye mradi kabla ya kutoa hata shilingi. Habari za faida alikwisha kuelezwa kwa kirefu. Habari za gharama hakuna aliyemgusia.

Ndugu msomaji, mwandishi wa safu hii alisomea biashara, hakusomea uhandisi. Lakini hesabu yenyewe haimhitaji mhandisi. Inaanzia kwenye jokofu la soda la yule mwenye duka. Weka mkono nyuma ya jokofu na utakuta joto. Jokofu haliumbi baridi. Huchota joto ndani na kulimwaga nje, na kazi hiyo hulipiwa umeme. Sasa fikiria kompyuta. Kila uniti ya umeme inayoingia ndani yake hutoka ikiwa joto. Mashine ya kukoboa angalau inakuachia gunia la mchele. Kompyuta inakuachia majibu, na chumba kilichochemka. Kwa hiyo anayejenga jumba la kompyuta hulipa mara mbili: kwanza kuuingiza umeme, kisha kulitoa joto lake.

Majumba ya namna hiyo, yaani vituo vya data, si mageni kwetu. Serikali inacho Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama, Dar es Salaam, na kila mara unapotuma fedha kwa simu kuna kompyuta mahali fulani inayoandika nani katoa na nani kapokea. Kompyuta hizo hupangwa kwenye makabati ya chuma yenye kimo cha kumzidi mtu. Kabati la kawaida hula kilowati 5 hadi 10. Ubaridi wake ni viyoyozi na feni, na mambo huenda.

Akili mnemba imevuruga hesabu hiyo. Chipu moja ya kampuni ya Nvidia iitwayo H100 hula hadi wati 700, si mbali sana na pasi ya umeme iliyoachwa ikiwaka usiku na mchana. Nane kati ya hizo, pamoja na vifaa vyake, huwekwa ndani ya sanduku moja linalofikia kilowati 10.2. Maana yake sanduku moja limekula sehemu ya kabati zima la zamani. Halafu ikaja mitambo ya GB200, ambayo hupanga chipu 72 katika kabati moja, na kabati hilo huhitaji takriban kilowati 120.

Tuliweke hilo kwenye mita ya LUKU, maana hapo ndipo mfanyabiashara anapoelewa. Kilowati 120 kwa saa moja ni uniti 120. Kwa siku nzima ni uniti 2,880. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, ambayo wenye maduka na mashine ndogo wanaifahamu (kabla ya kodi), kabati moja litakula umeme wa shilingi 840,960 kila siku. Ni kweli mtumiaji mkubwa anayeunganishwa kwenye msongo mkubwa hutozwa pungufu kwa uniti. Hata hivyo tuitumie bei hii kama kipimo, kwa sababu bado hatujahesabu ubaridi.

Wenye fani wana kipimo chao cha ubaridi, na kila mwekezaji afaa kukijua. Huchukua umeme wote unaoingia katika jumba wakaugawa kwa umeme unaozifikia kompyuta zenyewe. Jibu likiwa 1, hakuna kilichopotea, jambo ambalo halitokei. Uchunguzi wa Uptime Institute wa mwaka 2024 ulipata wastani wa dunia wa 1.56. Google, ambao wana fedha na uzoefu, hutangaza wastani wa 1.09 kwa vituo vyao. Sasa rudi kwenye kabati letu. Kwa 1.5 kabati hilo litagharimu shilingi 1,261,440 kwa siku. Kwa 1.2 litagharimu 1,009,152. Tofauti ni shilingi 252,288 kwa siku, na kwa mwaka inavuka milioni 92, kwa kabati moja tu. Chipu ni zile zile na kazi ni ile ile; kilichotofautiana ni namna jumba lilivyochorwa siku ya kwanza.

Namna gani basi? Kabati likizidi kilowati 30 hivi, hewa huanza kushindwa kazi. Feni zinapiga kelele kama kinu na bado chipu zinaungua. Dawa ni kioevu. Maji ya ujazo uleule hubeba joto mara 3,000 na zaidi kuliko hewa, ndiyo maana injini ya lori ina rejeta. Katika mitambo mipya kibamba cha shaba hukandamizwa juu ya chipu, na ndani yake hupita kioevu kinachosukumwa na pampu, kikachukua joto na kulipeleka nje.

Swali ni hilo joto likifika nje linakwenda wapi, na hapa ndipo Sitalike inapokuwa mwalimu mzuri kuliko Dar es Salaam.

Wageni huja hapa kuwaona viboko wa Mto Katuma. Kiangazi kikikolea mto hupungua, viboko wakajazana katika madimbwi yaliyobaki, wakilaliana kama magunia stoo. Upande wa juu maji hayo hayo hutumika katika mashamba ya mpunga, na mvutano wa nani ayatumie kwanza ni wa miaka mingi. Sasa njia nafuu ya kutupa joto ni kuyaacha maji yageuke mvuke, kama mtungi unavyopoza maji kwa kutoa jasho. Ukipiga hesabu ya fizikia ya sekondari, megawati moja ya joto ikiondolewa yote kwa njia hiyo hula takriban lita 1,500 za maji kwa saa, yaani lita 36,000 kwa siku. Kituo cha megawati 100 kingehitaji lita milioni 3.6 kila siku, sawa na mapipa 18,000 ya lita 200. Na kingehitaji mengi zaidi katika miezi ile ile ya joto ambayo Katuma hauna kitu.

Njia ya pili ni rejeta kubwa na feni, maji yakizunguka ndani bila kupotea. Inakula umeme zaidi, lakini haigombani na mkulima. Wengi hudhani njia hii haifai nchi za joto. Hilo lilikuwa kweli zaidi zamani, wakati chumba kizima kilitakiwa kibaki kati ya nyuzi 18 na 27. Chipu inayopozwa kwa kioevu haihitaji maji ya baridi. Kompyuta kuu ya SuperMUC, iliyozinduliwa karibu na Munich, Ujerumani, mwaka 2012, ilipozwa kwa maji ya nyuzi 40 na ushei. Maji yakiruhusiwa kuwa na joto hilo, hewa ya nyuzi 33 bado inaweza kuyapoza bila kutoa tone. Kwa maoni ya safu hii, hiyo ndiyo habari kubwa kwa Afrika Mashariki, kuliko matangazo yote ya mabilioni. Anayekuja leo na mchoro wa kunyonya mto anakuja na mchoro wa bei rahisi kwake na ghali kwa wengine.

Tukitaja mabilioni, kisa kilicho karibu nasi ni cha Olkaria, karibu na Naivasha, Kenya. Mei 2024, Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza uwekezaji wa awali wa dola bilioni moja za Marekani kwa ajili ya kituo cha data kinachotumia umeme wa jotoardhi, kikianza na megawati 100 na kulenga megawati 1,000 hapo baadaye. Mahali palichaguliwa kwa akili. Jotoardhi halijui kiangazi wala usiku. Mtambo wa kwanza wa Olkaria uliwashwa mwaka 1981. Lakini linganisha: mahitaji ya Kenya nzima saa za kilele mwaka 2025 yalikuwa yamevuka megawati 2,300. Mteja mmoja wa megawati 1,000 angekuwa zaidi ya mbili ya tano za nchi. Tena msomaji mwangalifu angeona kwamba tangazo lile lilihesabu miezi 24 kuanzia kusainiwa kwa mikataba ya mwisho, si kuanzia siku ya tangazo.

Ukubwa si tatizo pekee. Tabia ya mteja huyu nayo ni ngumu. Maelfu ya chipu yanapofundisha akili mnemba hufanya kazi kwa pamoja kama wapiga makasia: zote zinapiga, zote zinasubiri. Kampuni ya Meta ilieleza mwaka 2024 kwamba katika kazi ya chipu zipatazo 16,000 umeme uliruka kwa makumi ya megawati kwa mkupuo. Iliongeza kwamba joto la mchana lilipunguza au kuongeza kasi ya kazi kwa asilimia 1 hadi 2. Na Julai 2024, katika jimbo la Virginia, Marekani, vituo 60 vya data vyenye jumla ya megawati 1,500 vilijitoa kwenye gridi kwa pamoja baada ya hitilafu katika njia moja ya umeme. Havikuharibika, vilikimbilia umeme wao wa akiba kama vilivyopangwa. Gridi ya Marekani ilistahimili. Kwetu, bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Megawati 1,500 ni zaidi ya mitambo sita.

Ndiyo maana mchoro mzuri una tabaka: betri za kushika sekunde za mwanzo, majenereta ya kuchukua mzigo, na jenereta moja zaidi ya yanayohitajika. Pampu za kupoza nazo lazima ziwe kwenye betri, kwa kuwa katika kabati la kilowati 120 pampu ikisimama muda ulionao huhesabiwa kwa sekunde. Kuwa na jenereta si sawa na jenereta kuwaka. Agosti 2023 Kenya ilipokosa umeme nchi nzima, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikaa gizani kwa sababu jenereta iliyotegemewa haikuwaka.

Kuhusu Katavi, wenyeji wanakumbuka miaka ya majenereta ya dizeli na sababu ya kujengwa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda. Umeme kuwapo Rufiji ni jambo moja, kuufikisha ni jingine. Machi 2025 Rais Samia alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, sababu ikiwa upotevu wa njiani, wakati bwawa letu linazalisha. Kwa hiyo anayesema "nchi ina umeme wa ziada" hajajibu swali la mradi wake uko mwisho wa waya gani.

Upande wa hisa, TANESCO haimo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. KenGen imo katika lile la Nairobi, Serikali ya Kenya ikiwa na asilimia 70. Hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2006 kwa shilingi 11.90 za Kenya; mwishoni mwa 2023 zilikuwa zikienda kwa takriban shilingi 2, kisha zikapanda tena. Jotoardhi lilikuwapo muda wote huo.

Na kuna uchakavu, ambao wauza ndoto hawautaji kamwe. Transfoma hudumu miongo. Chipu huzeeka sokoni kabla ya kuharibika. Amazon yenyewe, kuanzia 2025, ilipunguza muda wa kuhesabu uhai wa baadhi ya seva zake kutoka miaka sita hadi mitano, ikitaja kasi ya akili mnemba. Mradi unaoahidi gawio la miaka kumi kwa mashine za leo haujaweka fungu la kununua nyingine.

Mwenye duka alisikiliza yote haya huku akihudumia wateja. Mwisho aliandika maneno manne nyuma ya kitabu cha madeni: transfoma, maji, jenereta, uchakavu. Akasema ataanza na transfoma, kwa sababu hiyo mtu anaweza kwenda kuiona kwa macho.