Sarafu za Kaisari kwa Mtu wa Kipato cha Kawaida

Aprili 2010, mtu mmoja aliyekuwa akipita shambani na kifaa cha kutafutia madini karibu na mji wa Frome, kusini-magharibi mwa Uingereza, aligundua chungu kilichofukiwa. Ndani mlikuwa na sarafu 52,503 za Roma, nyingi za karne ya 3. Jumba la makumbusho la Somerset lililipa pauni 320,250 kuzipata zote. Piga hesabu mwenyewe: kama pauni sita kwa kila moja.

Wengi wakisikia kitu kina miaka 1,700 hudhani mahali pake ni nyuma ya kioo na mlinzi kando. Umri wenyewe haupandishi bei ya sarafu. Kinachoipandisha ni ngapi zimebaki, hali zao, na watu wangapi wanazitaka. Roma ilifua sarafu za madini hafifu kwa mamilioni, na mambo yalipoiharibikia ikazidi kufua huku ikipunguza fedha ndani yake, hadi kufikia miaka ya 260 sarafu iliyoitwa ya fedha ilikuwa na chini ya asilimia 5 ya fedha. Wenye akiba walizizika ardhini wakasubiri amani. Wengi hawakurudi kuzichukua.

Anayeanza namshauri aanzie karne ya 4, kwenye vishaba vya mfalme Constantine na wanawe. Kwa dola 15 hadi 40 za Marekani unapata iliyo nzima, yenye maandishi yanayosomeka. Ninayoipenda mimi ni ile ya VRBS ROMA, iliyotolewa kuanzia mwaka 330, Constantine alipozindua mji wake mpya wa Constantinople. Ina upana wa milimita 17 au 18, uzito gramu mbili na nusu hivi. Upande mmoja kuna Roma mwenyewe, mji uliochorwa kama mwanamke aliyevaa kofia ya vita. Igeuze: mbwa mwitu jike anawanyonyesha pacha Romulus na Remus, na juu yao nyota mbili. Jina la mfalme halimo.

Sasa tazama chini kabisa, chini ya miguu ya mbwa mwitu. Pana herufi chache ambazo mgeni huziruka, na utamu wote uko hapo. TRP inakuambia sarafu ilifuliwa Trier, Ujerumani ya leo, katika karakana ya kwanza. SMK ni Cyzicus, Uturuki ya leo, na herufi inayofuata hutaja karakana. Mbwa mwitu ni yule yule, kutoka pembe mbili za himaya zilizo mbali mno. Kuna watu wanaokusanya aina hii moja tu kwa miji iliyoifua, na hawafilisiki. Orodha ya sarafu za wafalme wa Roma, pamoja na picha, iko bure kwenye tovuti iitwayo OCRE ya American Numismatic Society, chama kilichoanzishwa New York mwaka 1858. Anayeanza aisome kwanza ndipo afungue pochi.

Kwa Wagiriki mambo ni magumu kidogo. Ile bundi maarufu ya Athens, fedha ya gramu 17 na ushei, huuzwa kwa mamia ya dola, na ikiwa safi kwa maelfu. Lakini Wagiriki nao walikuwa na chenji ya sokoni. Shaba ya Philip wa Pili wa Makedonia, yenye kichwa cha Apollo upande mmoja na kijana juu ya farasi upande wa pili, hupatikana kwa bei isiyozidi sana ile ya Constantine. Mwenye kutaka fedha ya Alexander anaweza kuipata drakma ndogo kwa dola mia moja na kitu. Nyingi za hizo zilifuliwa baada ya yeye kufa, kwa sababu jina lake bado lilikuwa linakubalika sokoni.

Tuje kwa ughushi. Sarafu za kale zilifuliwa kwa mkono: kipande cha madini kati ya mihuri miwili, kisha nyundo. Ndiyo maana hakuna mbili zinazolingana kabisa. Hii picha imekwenda kushoto, ile ukingo umepasuka. Ukikuta muuzaji ana mbili zenye ufa pale pale na mchubuko ule ule, ondoka. Za bandia nyingi humiminwa kwenye kalibu, na lenzi ndogo huzifichua: vitundu vya hewa usoni, herufi zilizolika kama sabuni iliyotumika, alama ya mshono ukingoni. Mizani ya vito nayo inasaidia, kwa kuwa uzito wa kila aina unajulikana. Ila wapo waghushi mabingwa. Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyefariki mwaka 1830, alichonga mihuri yake mwenyewe, na inasimuliwa kwamba sarafu mpya alizitia kwenye sanduku lenye vumbi la chuma na mafuta, akazitembeza kwa gari la farasi hadi zikachakaa. Kazi zake leo zina wakusanyaji wake.

Rangi ya kijani au kahawia iliyolala juu ya shaba iache ilivyo, soko linaithamini. Ndimu na majivu ni vya kusugulia masinia, na sarafu iliyosuguliwa hupoteza bei siku hiyo hiyo. Kinachotisha ni unga wa kijani mpauko unaomomonyoka ukiugusa kwa kijiti. Huo ni ugonjwa wa shaba: chumvi ndani ya madini inakutana na unyevu, nayo sarafu inalika. Usiinunue, wala usiiweke pamoja na nyingine.

Sheria ndiyo wengi huipuuza kwa sababu kitu ni cha bei rahisi. Uturuki, Ugiriki na Italia hubana sana utoaji wa vitu vya kale nje ya nchi, na mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 ndio msingi wa madai mengi ya kurudishiwa. Mwaka 2020 sarafu ya dhahabu ya Brutus, inayokumbuka kuuawa kwa Julius Caesar, iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni tatu. Ilikuja kubainika kwamba historia ya umiliki wake ilikuwa ya kubuni, na mwaka 2023 waendesha mashtaka wa New York waliikabidhi kwa Ugiriki. Sarafu yako ya dola 20 haitafuatwa na waendesha mashtaka hao, lakini forodha wanaweza kuishika. Ile mifuko ya sarafu zenye udongo, zinazouzwa kwa mkupuo bila karatasi yoyote, mimi siigusi: udongo huo umetoka shambani kwa mtu, na mara nyingi bila ruhusa.

Kuuza kuna hesabu yake, na hapo ndipo ndoto za utajiri hukatika. Mfanyabiashara wa sarafu akikupa nusu ya bei ya dukani hajakupunja. Ana gharama zake, na huenda akakaa nayo mwaka mzima. Mnada humtoza muuzaji kamisheni na kumwongezea mnunuzi ada, mara nyingi asilimia 20 au zaidi. Tuseme nyundo imegonga kwenye dola 40: mnunuzi atalipa 48 na nauli ya posta, wewe utaondoka na thelathini na kitu. Vishaba vya dola 15 nyumba nyingi za mnada hazivipokei kimoja kimoja. Huvifunga mafungu, na fungu huuzwa kwa bei ya fungu. Ndiyo maana moja ya dola 100, iliyo safi, ni rahisi kuiuza kuliko kumi za dola kumi. Na kila risiti, bahasha au kikadi kilichoandikwa na mmiliki wa zamani kiambatane na sarafu yake, kwa kuwa mnunuzi wa kesho atakiulizia kabla ya kuuliza bei.