Koo la mtoto na moyo wake

Ukitaja ugonjwa wa moyo, wengi hufikiria presha na wazee. Lakini magonjwa ya moyo ni ya aina nyingi, na watoto nao huugua.

Kuna ya kuzaliwa nayo, kama tundu kati ya vyumba vya moyo. Mtoto hutoka jasho na kuchoka anaponyonya, haongezeki uzito, au ulimi na midomo hubadilika kuwa ya bluu.

Kuna yanayoanzia kooni. Mafindofindo ya bakteria yasipotibiwa vizuri, wiki mbili au tatu baadaye mtoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, anaweza kupata homa na maumivu yanayohama kutoka goti hadi kiwiko. Kinga ya mwili hushambulia valvu za moyo. Maumivu hupoa, makovu hubaki. Akiandikiwa sindano za penisilini kila wiki tatu au nne, mzazi usiziache kwa kuwa anaonekana mzima.

Kwa watu wazima, presha huchosha misuli ya moyo na mafuta huziba mishipa yake. Kifua kikibana na maumivu kwenda mkononi au kwenye taya, wahi hospitali.

Mzazi wa Songea, anzia zahanati ya karibu. Upasuaji wa moyo hufanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Dozi ya koo iliyomalizwa inaweza kukuepusha na safari hiyo.