Garamba: darubini, nyasi ndefu na kifaru aliyeacha kuonekana

BUNIA – Anayetoka Bunia kwenda magharibi huingia msituni akishaipita Komanda, na kutoka hapo hadi Epulu darubini hukaa mkobani. Okapi hutafutwa kwa nyayo, kwa kinyesi na kwa kamera zilizofungwa kwenye miti, maana katikati ya majani jicho haliendi mbali. Anayeelekea kaskazini, akapita Mahagi na Aru hadi Faradje katika jimbo jirani la Haut-Uélé, anakuta nchi nyingine kabisa: nyasi hadi upeo wa macho. Huko ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Garamba, iliyoundwa mwaka 1938.

Mtu angedhani mahali peupe namna hiyo mnyama wa tani mbili hawezi kupotea. Amepotea. Mwaka 1984 vifaru weupe wa kaskazini waliobaki Garamba walikuwa 15 hivi. Ulinzi ulipoimarika waliongezeka, wakafika kama 30. Kisha vita na majangili wakawamaliza: mwaka 2006 walionekana wanne tu, na msako wa mwaka 2008 haukupata hata mmoja. Hakuna siku inayojulikana ya kifo cha yule wa mwisho. Kilichopo ni siku ambazo watu walitafuta wasione. Leo duniani wamesalia majike wawili, Najin na Fatu, nao wako Ol Pejeta, Kenya.

Kutoona, basi, ni jambo zito, na linahitaji ufundi. Wakati wa mvua nyasi za Garamba hupita mita mbili, yaani juu ya bega la kifaru, na hakuna lenzi inayopenya nyasi. Kazi hufanyika zaidi kiangazi, moto ukishapita na ardhi kubaki wazi.

Darubini yenyewe ina namba mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi kitu kinavutwa karibu. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Wengi hukimbilia namba kubwa ya kwanza, na hapo ndipo wanapokosea. Mara 12 mkononi hutetemeka, na saa sita mchana, joto linapopanda kutoka ardhini na hewa kuanza kucheza, hukuza mtikisiko huo pia. Namba ya pili ndiyo inayosaidia alfajiri na jioni, saa ambazo wanyama husogea, kwa kuwa lenzi pana hukusanya mwanga zaidi.

Anayejua kazi hasogezi darubini ovyo. Huketi, hutegemeza viwiko magotini, jua likiwa mgongoni, hukagua kipande kimoja kabla ya kuhamia kingine. Wala hatafuti tembo mzima. Hutafuta sikio linalopigapiga, mstari wa mgongo uliolala mahali ambapo miti yote imesimama, au ndege weupe wanaotua pamoja kwenye nyasi. Wafugaji wa Ituri, waliozoea kumtambua ng'ombe wao kilimani kwa mwendo tu, wangeielewa kazi hii haraka. Ila katika jimbo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, raia mwenye darubini shingoni ajiandae kuulizwa maswali kwenye vizuizi.

Kwa eneo la karibu kilomita za mraba 5,000, kukaa kilimani hakutoshi. Hesabu kubwa hufanywa kwa ndege ndogo inayoruka chini kwa mistari iliyopangwa. Humo darubini haifai, kwani ndege hutikisika na kipande kinachoonekana ni chembamba mno. Watazamaji hutumia macho matupu, na kundi kubwa hupigwa picha ili lihesabiwe baadaye.

Juni 2023 vifaru weupe 16, hawa wa kusini, waliletwa Garamba kutoka Afrika Kusini. Twiga wa hapo, pekee waliobaki Kongo, walikuwa 22 mwaka 2012, na sasa wamepita 60. Hao hutambuliwa mmoja mmoja kwa madoa yao, kwa kamera ya lenzi ndefu. Madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia, kwa hiyo mpiga picha akishamaliza upande mmoja hulazimika kungoja twiga ageuke.