Land Rover ya mjomba, injini ya Toyota, na kadi inayosema kitu kingine

 Wiki mbili hizi nimepotea, mniwie radhi. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa nafuatilia kadi ya gari. Siyo gari langu jamani, mimi hata baiskeli sina. Ni la mjomba wangu wa Ngarenanyuki, kule nyuma ya Meru. Ila katika kuzunguka huko nimejifunza mambo ambayo wengi wenye magari ya kuunga-unga hapa Arusha hawayajui, au wanayajua na wanajifanya hawayajui.

Ilikuwa hivi. Mjomba analima nyanya. Miaka minne iliyopita alinunua Land Rover 109, ile ndefu ya zamani, imekaa chini ya mti imeota majani mpaka ndani. Injini imekufa, matairi hakuna, lakini bodi nzima. Aliyemuuzia ni kijana wa marehemu mwenye gari. Walikubaliana bei, wakaandikiana karatasi mbele ya balozi, mjomba akapewa kadi, akavuta gari mpaka Unga Limited kwa mafundi. Pale likawekwa injini ya Toyota 3L, ile ya Hiace na Hilux, na giaboksi yake. Chesisi ikachomelewa nyuma. Rangi ikatoka kijivu ikawa kijani. Gari likaamka, na kwa miaka yote hiyo limekuwa likishusha matenga ya nyanya Usa River na Kilombero bila shida.

Mpaka mwezi uliopita. Tuko njiani na matenga kumi na nane, trafiki akatusimamisha. Alikuwa mpole tu. Akaomba kadi, akaomba boneti ifunguliwe.

"Mzee, shikamoo. Kadi yako inasema petroli. Hii siyo dizeli?"

"Marahaba. Ni dizeli, afande. Ni gari la shamba tu hili."

"Sawa mzee wangu. Na namba ya injini hii hapa mbona siyo ya kwenye kadi? Na huyu mwenye jina hapa ni nani?"

Mjomba akasema ni marehemu. Hapo nikajua leo tumekwisha. Gari likaenda kituoni, nyanya tukazihamishia kwenye Canter ya jirani kwa hela ya kukopa. Naomba niseme ukweli, yule afande hakutuonea. Kila alichouliza kilikuwa sahihi.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe.

Kwa Tanzania msajili wa magari ni TRA. Kuna sheria mbili za zamani zinazohusika, ile ya kodi ya usajili na uhamisho wa magari ya 1972 (Sura ya 124) na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 (Sura ya 168). Kwa lugha ya kijiweni ni kwamba TRA wanashika daftari na kadi, na polisi wa usalama barabarani ndio wanalikagua gari lenyewe kuona kama linafanana na daftari. Watu wengi wanadhani kadi ni risiti ya kumiliki gari. Ni zaidi ya hapo, ni maelezo ya gari. Ina namba ya chesisi, namba ya injini, ukubwa wa injini, aina ya mafuta, rangi, aina ya bodi, idadi ya viti, uzito. Ukibadilisha kimojawapo bila kuwaambia, una gari moja barabarani na jingine kwenye daftari.

Sisi tulikuwa tumebadilisha injini, mafuta, rangi na ukubwa. Injini ya zamani ya hizo Land Rover ilikuwa sentimita za ujazo 2,286, na 3L ni 2,779. Yaani kwenye ile kadi kitu pekee kilichokuwa bado kweli ni chesisi na viti!

Lakini hapo hapo ndipo pa kupumulia. Katika vitu vyote hivyo chesisi ndiyo gari. Injini inaruhusiwa kubadilishwa, siyo kosa. Kosa ni kutotoa taarifa. Unatakiwa gari likakaguliwe na mkaguzi wa magari wa polisi, akuandikie ripoti, uonyeshe injini mpya umeipata wapi, kisha mwenye gari anaomba TRA marekebisho, kadi inatoka na maelezo mapya. Hilo la "umeipata wapi" ndilo linalotesa watu. Injini za mtumba tunanunua kwa mdomo, unabeba kwenye guta unaondoka. Mkaguzi anataka karatasi kwa sababu moja tu, injini za wizi nazo zina namba. Hivyo mdau, ukinunua injini dai risiti ya EFD yenye namba ya injini imeandikwa. Hata kama muuzaji atanuna, mwache anune. Mjomba alikuwa na bahati, muuzaji wake bado yupo na alikuwa na nakala.

Na chesisi je? Land Rover ina kichekesho chake. Ilipoanza 1948 Uingereza walikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, wakatengeneza bodi ya aluminiamu. Ndiyo maana unaikuta ya mwaka wa sabini na kitu bodi haina kutu hata kidogo. Ila chesisi ni chuma, na kwa tope la kule kwetu inaliwa kimya kimya, ukija kushtuka nyuma kumebaki karatasi. Namba yenyewe imegongwa mbele upande wa kulia, pale springi inaposhika. Kuna mafundi wanachomelea na kusaga na grenda mpaka kwenye namba bila kujua wanafuta nini. Ya kwetu ilikuwa imefunikwa na rangi na grisi. Mkaguzi alisugua na msasa taratibu, mjomba kasimama pembeni hapumui, tarakimu zikaanza kutokea moja moja. Zilikuwa zenyewe.

Zingekuwa hazipo tungekuwa kwenye hadithi nyingine, na hadithi yenyewe nusura itukute. Siku ya pili gari likiwa bado kituoni, jamaa mmoja wa gereji alimvuta mjomba pembeni. "Mzee usisumbuke na mambo ya marehemu. Kuna mtu ana kadi safi ya 109, gari lake lilishakatwa skrepa. Unalipa laki tano, tunagonga namba ile kwenye chesisi yako, biashara imeisha." Mjomba alikaribia kukubali wadau, na simlaumu, maana msimu wa nyanya haumsubiri mtu. Nilimbishia pale pale mpaka akanikasirikia.

Kwanza hiyo ni kughushi, siyo ujanja. Pili, namba ikigongwa kwenye chuma inabana chuma cha chini yake pia. Hata ukiisaga ikawa laini kama kioo, wataalamu wa uchunguzi wakipaka tindikali namba ya zamani inaweza kurudi kuonekana. Tatu, siku ikigundulika huna tena gari lenye kadi mbovu, una gari linaloshukiwa kuwa la wizi. Linakaa kituoni mpaka majani yaote tena, na wewe unajieleza mahakamani.

Wenzetu wamelifikiria hili kwa namna ambayo mimi niliipenda. Uingereza kwa miaka mingi walikuwa na mfumo wa pointi kwa magari yaliyojengwa upya. Chesisi ya asili pointi 5, springi pointi 2, eksel 2, giaboksi 2, usukani 2, na injini pointi 1 tu. Gari lilitakiwa lifikishe 8 ndipo libaki na namba yake ya zamani. Likishindwa, au asili yake haieleweki, lilipewa namba inayoanza na Q ili kila mtu ajue hili ni la kuunga. California nako walipitisha sheria mwaka 2001, magari 500 tu kwa mwaka yaliyojengwa kwa mkono ndiyo yanapata unafuu wa kupima moshi, na watu hupanga foleni kuwahi nafasi. Kwetu hatuna daraja maalumu la gari la kujengwa upya. Lako linapimwa kwa kadi ile ile kama Vitz ya jana bandarini.

Na msidhani hili ni la masikini wenye 109 peke yao. Arusha tunaishi kwa magari yaliyokatwa. Zile Land Cruiser za watalii mnazoziona zinaelekea Serengeti, nyingi zilianza maisha kama pikapu. Gereji inakata nyuma ya kichwa, inarefusha chesisi, inajenga bodi yenye madirisha makubwa na rufu ya kufunguka, viti saba. Kazi nzuri kabisa, inafanywa na vijana wetu. Lakini kadi ikibaki inasema pikapu ya watu watatu, halafu likapinduka na wageni saba, bima itauliza tulikatia gari gani? Bima ya lazima ni ya kisheria (Sura ya 169), na kampuni haishindwi kushikilia kwamba maelezo uliyowapa siyo ya gari lililoanguka. Kwa hiyo viti na bodi vibadilishwe kwenye kadi. Kama ulikuwa na namba ya njano ya binafsi, ukiingia biashara unahamia nyeupe, na LATRA wana leseni yao juu ya hapo.

Oktoba 2024 tulipokuwa na lile tamasha la Land Rover hapa mjini, waandaaji wakasema zimezidi 1,000 na kuipita rekodi ya Ujerumani ya 632, nilikuwa barabarani napiga picha kama mwendawazimu. Leo nikiziangalia zile picha najiuliza tu, ngapi pale boneti ikifunguliwa na kadi ikisomwa vinaelewana? Sijui wadau, nauliza tu.

Turudi kwa marehemu, maana hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kote. Anayeomba marekebisho ni mwenye jina kwenye kadi. Mwenye jina amekufa. Yule kijana aliyemuuzia mjomba hakuwa na mamlaka ya kuuza, hata kama ni mtoto wa kuzaliwa. Anayeweza kuhamisha mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa hiyo familia ikae kikao, iandike muhtasari, ichukue cheti cha kifo, iende Mahakama ya Mwanzo, tangazo litolewe, wasubiriwe wenye pingamizi. Ndipo msimamizi asaini mkataba wa mauziano, mnaenda TRA na TIN na vitambulisho, mnalipa ada ya uhamisho na ushuru wa stempu.

Tulimfuata mama mjane King'ori. Tulidhani atadai hela zaidi. Mjomba alimwamkia, akakaa, akaeleza yote bila kuficha. Mama akasikiliza, akauliza swali moja, "Hivi bado linatembea?" Mjomba akasema linatembea, mama. Akacheka, akasema mume wake alilipenda kuliko watu. Kumbe hakujua kabisa kama mwanae alishaliuza, alidhani limekatwa skrepa. Hela ya mauzo yeye hakuiona hata senti. Hapo pakawa kimya kidogo. Mjomba mwenyewe ndiye aliyesema atamwongezea kitu baada ya mavuno, na mama akakubali kusimamia mirathi.

Mpaka leo naandika hivi, kikao cha ukoo kimeshakaa, ombi liko mahakamani, ripoti ya ukaguzi tunayo mkononi. Gari bado liko kituoni, tumeruhusiwa kulifunika turubai. Mimi kazi niliyopewa ni kurudi Jumatatu kuuliza tarehe. Kama kuna mdau aliyemaliza mirathi ya gari hapa Arusha karibuni atuambie pale chini ilimchukua muda gani, maana mjomba ananiuliza kila jioni na sina jibu.